Mama Shefu wa Chumba cha Moyo

Sisi tuliopita mikononi mwa Mama Shefu tunatambulika kwa jambo moja: hatuwezi kupita penye kinu bila kusimama. Hapa Uvira majani ya muhogo yanatwangwa karibu kila uwanja kuwa sombe, na watu wenye akili zao wanapita tu, labda wakimeza mate. Sisi tunasimama, tunatega sikio, tunafuata mapigo ya mchi mpaka mwenye kinu aanze kututazama vibaya. Juzi pale Kavimvira mama mmoja aliniuliza kama serikali imenituma kukagua mchi wake. Nilicheka tu nikaenda zangu.

Ningemweleza nini? Kwamba moyo wa binadamu nilijifunzia kwenye kinu? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa wauguzi watano, tumetoka shuleni juzi juzi, makoti yetu meupe bado yana mikunjo ya dukani. Hospitali ilikuwa imepata msaada wa mashine za kufuatilia moyo: nyaya za kubandika kifuani mwa mgonjwa, na skrini juu ya kitanda chake inayoonyesha mstari wa moyo ukipita mchana kutwa na usiku kucha. Ziliwekwa katika chumba kimoja upande wa ziwa, na muuguzi mkuu wa chumba hicho akapewa kazi ya kutufundisha. Kila mtu alimwita Mama Shefu, maana shefu kwetu ni mkuu wa kazi, kuanzia daktari mpaka mlinzi wa lango. Jina lake halisi ninalo, ila nikiliandika hapa atanitafuta.

Siku ya kwanza tulifika na kalamu mkononi tukidhani atafungua kitabu. Akatupeleka nyuma ya majengo, pale ndugu wa wagonjwa wanapopikia. Mama wawili walikuwa wakitwanga katika kinu kimoja, mchi huu unashuka, ule unapanda. Akatuamuru tufumbe macho.

"Musikie," akasema. "Hii njo moyo ya muntu muzima. Tu, tu, tu. Hakuna anayesukuma mwenzake."

Kisha akamnong'oneza mama mmoja apenyeze pigo moja kabla ya zamu yake. Tukasikia mapigo mawili yakikaribiana, kimya kidogo, halafu mwendo ukarudi kama zamani. "Hiyo iko watu wengi wanatembea nayo, wanakula, wanacheza ngoma kwa harusi. Usikimbie. Angalia tu kama inaongezeka." Baada ya hapo akawaita watoto waliokuwa wakicheza karibu, akawapa michi, kila mmoja atwange anavyopenda. Kelele ikawa haina kichwa wala miguu. "Na hii iko fujo. Hii unaniita, hata niko nalala."

Mwishowe michi yote ikanyamaza. Tulisimama macho yamefumbwa, ukimya ukarefuka.

"Na hii ni nini?" akauliza.

Bahati, mmoja wetu, kijana mrefu mpole wa Kalundu, akajibu kwa adabu: "Wamechoka, Mama Shefu."

"Amekufa, weye! Amekufa, na umefumba macho!"

Wale mama wa jikoni walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilisisimka mwili mzima, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma uuguzi nilikuwa nimeelewa jambo bila kulikariri. Nilitamani twende chumbani saa ile ile nikaone mioyo.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwepesi wa miguu kuliko sisi vijana. Mashine ikilia, aliijibu kama mtu anayeitwa na wifi msumbufu: "Nakuja, nakuja, acha kelele." Lakini ole wako uizime kabla hujamtazama mgonjwa! Alikuwa na msemo ambao alituimbia mpaka ukatutoka puani: "Mashini inaonaka, haijuwaka," yaani huona tu, haijui. Ukimwendea na kumwambia "Mama Shefu, mashine inasema kitanda cha pili moyo unakwenda mbio," alikuuliza: "Na muntu wa kitanda cha pili, yeye anasema nini?" Ukikosa jibu, unarudi ulikotoka.

Neno "labda" lilimwudhi. Neno "nadhani" ndilo alilolichukia kabisa. Kwake ulikuwa umeona au hujaona, na kama hujaona, kidole kiko wapi, si ukaguse mshipa? Alitushika mikono yetu akatuwekea vidole kwenye shingo yake mwenyewe, kwenye kifundo cha mkono wake, mpaka tukamjua kwa mapigo kama tunavyowajua mama zetu kwa kikohozi.

Hasira zake zilikuwa maarufu, lakini usingeweza kujua zitashuka wapi. Wiki ya pili Bahati alikuja na vitambaa alivyofumiwa na mama yake, vyeupe, vyenye maua mekundu pembeni, na asubuhi na mapema akafunika skrini zote za vitanda visivyo na wagonjwa. Nyumbani kwao televisheni hufunikwa vile kuzuia vumbi, na kwetu pia, na kwa kila mtu anayejiheshimu hapa mjini. Shida ni kwamba alijisahau akafunika na ile ya mgonjwa. Mama Shefu akaingia. Tukangoja radi. Akakichukua kitambaa taratibu, akasifu ufumaji, akauliza habari za mama mtu, kisha akamfunika nacho Bahati uso.

"Sasa uniambie, mu hii chumba iko watu ngapi?"

"Sioni, Mama Shefu."

"Haya. Na ekra," akagonga skrini kwa kidole, "pia haioneshi muntu kama imevaa nguo."

Vitambaa hakuvirudisha. Nilipokwenda kwake mara ya kwanza, huko Mulongwe, nilivikuta vimeifunika televisheni yake na redio pia.

Kwa wagonjwa alikuwa mtu mwingine. Bibi mmoja wa Mutarule alikataa katakata kubandikwa nyaya. Alisema anajua watu wa mjini, wanataka kumtoa moyo wauweke kwenye televisheni, na huko watautazama watu asiowajua. Mimi nilianza kumweleza mambo ya umeme, maskini mimi. Mama Shefu akavuta pazia, akajibandika nyaya mwenyewe, akakaa kitandani kando ya bibi bega kwa bega. "Angalia wangu kwanza, bibi. Unaona vile inakimbia? Ni juu ya hawa watoto nafundisha. Wananimaliza." Bibi akautazama mstari kwa huruma nyingi, akasema pole, akafungua blauzi yake bila kuombwa tena.

Ila msimfanye malaika. Alihubiri dhidi ya chumvi kama mhubiri wa mkutano wa injili, akawatisha wagonjwa wa presha mpaka wakaota chumvi usingizini, kisha yeye mwenyewe aliwamwagia ndagala wake, wale samaki wadogo wa ziwani, chumvi ambayo ingetosha kuhifadhi ng'ombe. Nilipothubutu kumuuliza alinijibu mdomo umejaa: "Minye ni mwalimu. Si mugonjwa." Na alikuwa na upendeleo wa wazi. Bahati alisamehewa mambo ambayo mimi ningefukuzwa kwayo. Nililalamika. Akasema Bahati ni unga na mimi ni muhogo mbichi, kila kitu na jiko lake. Nilinuna siku nzima.

Sasa niseme jambo lililotuning'inia kichwani muda wote huo. Daktari mkuu alikuwa ametuita mapema akatuambia bila kuficha: mashine hizi zinatakiwa Bukavu. Kama mvua zitakwisha kabla Mama Shefu hajatamka kwa kinywa chake kwamba tunaweza kushika chumba bila yeye, gari litakuja kuzibeba. Skrini isiyo na mtu wa kuisoma ni pambo, alisema, na hakuwa mtu mbaya, alisema kweli. Lakini sisi tulijua maana yake. Kabla ya mashine, mgonjwa wa moyo aliyezidiwa alipakiwa kwenye gari kupelekwa Bukavu kwa barabara ndefu ya Sange, na wengine waliishia njiani, Luberizi, wakarudishwa wamefunikwa shuka. Mama Shefu mwenyewe alikuwa amesafiri na wengi wao, ameshika mikono yao ndani ya gari. Hakuna mtu Uvira aliyezitaka mashine zile kuliko yeye.

Na bado neno lile moja, "wanaweza," halikumtoka. Mvua zilipungua. Tulimbembeleza. Mimi nilithubutu kumwambia kwamba aseme tu, tutajifunza mengine tukiwa kazini.

"Afazali mashini ziende Bukavu," akasema, "kuliko mugonjwa aende makaburini."

Tulikuwa na njia yetu ya kujua mawazo yake. Zamu zetu zote, Mama Shefu hakuwahi kutoka nje kwenda kula. Sahani yake ya ugali ililetwa chumbani, akala amesimama, tonge mkononi na macho kwenye skrini. Wazee wa hospitali walituambia ilikuwa hivyo tangu zamani: akimwamini mtu, ndipo hutoka kwenda kula nje. Basi kila adhuhuri tulikuwa tukiitazama ile sahani kwa roho juu. Tulitamani aende akale, akae, ashibe, ateremshie na chai. Hakwenda.

Kilichozidi kutuharibia ni kisa cha maombi. Alilazwa mzee mmoja mfugaji, na kundi la waumini wenzake likaja kumwombea. Mjuavyo maombi ya kwetu: si ya kunong'ona. Walimzunguka, wakamwekea mikono kifuani, wakashika vyuma vya kitanda, na roho ilipopanda kitanda kizima kikaanza kutikisika. Nyaya zikacheza. Skrini ikachora milima mikali isiyo na mpangilio, mashine ikapiga kelele, na Bahati, ambaye zamu ilikuwa yake, akarukia mashine ya kushtua moyo kwa umeme, akaja nayo mbio huku akipaza sauti watu wapishe. Mzee akafumbua macho, akamwona kijana mrefu na vyuma viwili mikononi, akasema "Amina" kwa sauti iliyosikika mpaka langoni.

Hospitali nzima ilicheka. Wapishi walicheka, daktari mkuu alicheka. Wiki nzima watu walimsalimu Bahati kwa "Amina." Mama Shefu peke yake hakucheka.

"Leo munacheka," alituambia. "Kuanzia leo, ekra ikichafuka, mutasema ni maombi. Hiyo njo naogopa."

Siku ya mwisho ilifika. Asubuhi ile gari lilikuwa limekwisha kuegeshwa mbele ya chumba, kamba tayari nyuma, dereva anapiga mswaki. Daktari mkuu aliingia, akasimama kando ya Mama Shefu dirishani, wakalitazama gari. Zamu ilikuwa yangu na Bahati. Kwenye kitanda cha karibu na mlango alilala mwalimu wa shule ya msingi kutoka Sange, mgonjwa aliyekuwa anaendelea vizuri, na wenzake wa kanisani walikuwa wamefika kwa basi dogo la alfajiri kumshukuria Mungu. Walianza kuomba. Sauti zikapanda. Skrini yake ikachafuka, milima mikali, mashine ikalia.

Bahati akatabasamu. "Maombi," akasema. Daktari mkuu naye akatabasamu, maana kisa alikijua. Na mimi mdomo ulikuwa umeshaanza kucheka, lakini miguu yangu ilikuwa njiani tayari. Miezi yote ile ya kurudishwa nilikotoka ilikuwa imeifundisha miguu peke yake. Nikapenya kati ya mama wawili, nikaweka vidole shingoni mwa mwalimu.

Hakuna kitu.

"Mwalimu! Mwalimu!" Taya lilikuwa limelegea. "Bahati, ni kweli! Lete umeme!"

Nikapanda kitandani nikaanza kukandamiza kifua. Bahati alifika na mashine kabla sijamaliza kupumua. Lakini waumini, kuona hivyo, wakaongeza bidii! Mama mmoja alikuwa ameushika mguu wa mwalimu kwa mikono miwili na hakuna nguvu ya dunia ambayo ingemwachisha, na mtu akishika mgonjwa wakati umeme unapita, anaupata yeye pia. Sijui sauti ile ilinitoka wapi.

"Mikono juu! Wote! Mungu anasikiaka hata mukiwa kwa ukuta!"

Wakakimbilia ukutani, mikono juu, hawakunyamaza hata nukta. Bahati akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniambia nishuke, akabonyeza. Mwili wa mwalimu ukaruka. Nikarudi kukandamiza, jasho linaniingia machoni, nikihesabu kwa sauti, mpaka mkono fulani ukanisukuma. Nikausukuma pembeni. Ukanisukuma tena. Ulikuwa mkono wa mwalimu.

"Unaniumiza, weye mutoto," akasema kwa sauti ya kukwaruza.

Ee Mungu wangu! Ukuta mzima ulilipuka kwa vigelegele. Juu ya skrini ule mstari ulikuwa unapita, tu, tu, tu, hakuna anayesukuma mwenzake. Nililia bila haya, Bahati analia, dereva na mswaki wake ameingia kutazama kuna nini. Furaha ile sijapata nyingine ya kuifikia, na nimeolewa, na nimezaa.

Mama Shefu hakuwa amesogea. Alikuwa pale pale dirishani, mikono nyuma.

"Mama Shefu," daktari mkuu akasema, naye anahema, "si ungeweza kuwasaidia?"

"Ningesaidia, mungebeba mashini zenu," akajibu. Kisha akasema, "Minye naenda kula," akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akatugeuzia mgongo.

Bahati ndiye aliyemweleza daktari mkuu maana ya ile sahani. Daktari akaenda mwenyewe kumwambia dereva akunje kamba.

Baadaye nilimkasirikia Mama Shefu. Nilipotulia nilimfuata nikamwuliza ingekuwaje kama tungeshindwa, mtu angekufa yeye anatazama? Akanionyesha viganja vyake, kucha zilikuwa zimeacha alama nyekundu. Alisema alikuwa anahesabu, na kama tungechelewa kidogo tu angetukanyaga wote kama nyanya. Nilimwamini, lakini mpaka leo kuna siku naamka upande wa daktari mkuu na siku nyingine naamka upande wake.

Miaka imepita. Mama Shefu amestaafu, analima mpunga Luberizi na kugombana na ng'ombe wa watu wanaoingia shambani. Chumba cha moyo bado kipo. Sasa mimi ndiye ninayeitwa shefu, na mwaka huu nimepewa wauguzi wapya watatu, watoto kabisa. Niliwaogopa kuliko walivyoniogopa. Usiku nilijiuliza kama ninawafundisha kazi au ninawafundisha tu kuniiga nikimwiga yeye, na kama mimi na Bahati tukihama, kutabaki nini mle chumbani.

Mwezi uliopita shemeji yake Mama Shefu alilazwa kwetu, mzee mcheshi kupita kiasi. Mimi nilikuwa stoo nachukua nyaya. Nilipotoka nilimkuta Mama Shefu amekaa peke yake kwenye benchi la nje, mkoba magotini, macho yamejaa machozi. Nilidhani shemeji amefariki.

"Mama! Kuna nini?"

"Wamenifukuza."

"Nani amekufukuza?"

"Ule mutoto wako mwembamba."

Ni muuguzi mpya kuliko wote, alikuwa hajamaliza hata mwezi. Nikahisi uso unawaka kwa aibu. Mama Shefu akanieleza: alikuwa anamsimulia shemeji habari za mbuzi aliyekula sadaka ya jirani, mzee akacheka, akacheka zaidi. Yule binti akaja. Hakumtazama mgeni, alimtazama mgonjwa, akamshika mkono, kisha akatazama skrini.

"Akaniambia: 'Mama, kila ukimuchekesha moyo yake inakimbia, na inakawia kurudi. Toka inje, urudi kesho.' Minye nikamwambia: 'Weye! Unajua minye ni nani?'"

"Akasema nini?"

"Akasema: 'Sikujuwi, mama. Minye najua huyu mwenye analala hapa.'"

Nikageuka niende ndani kumweleza yule mtoto ni nani aliyemtoa nje. Mama Shefu akanikamata sketi akanikalisha chini kwa nguvu.

"Kaa! Usimuguse!" Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, ananipiga paja kwa kofi juu ya kofi. "Amenifukuza! Mu chumba yangu! Hata hakuniogopa, Riziki, hata kidogo!"

Nikamwuliza kama nimwite basi, wasalimiane, amjue. Akatikisa kichwa.

"Akinijua ataniogopa. Wacha asinijue."

Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaenda barabarani kutafuta gari la Luberizi. Kesho yake alirudi saa ya wageni, akangoja mlangoni pamoja na watu wengine mpaka yule binti alipomwita aingie.